Pesa ina 456. Alama ya kidole je?

Kila nikifungua simu siku hizi kuna kijana mwenzangu ananiuzia kozi. Ati achana na kuandika data kwa mkono, unganisha fomu yako na lahajedwali, lala usingizi, mashine ikufanyie kazi. Sipingi. Hiyo kazi naijua, na ndiyo inayoninunulia bando. Lakini kuna kitu kinanikera kwenye hizo video zote. Zinaongea kana kwamba hii maneno ya data kujisukuma yenyewe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ilizaliwa juzi, Nairobi, kwa ofisi yenye kiyoyozi. Walahi, watu wa Garissa wanaweza kukupa historia yake, na haitakuwa historia ya kulala usingizi.

Kwanza tuelewane kuhusu kitu chenyewe. Webuhuki ni nini? Fikiria una duka na una namba ya Paybill. Kuna njia mbili za kujua kama mteja amelipa. Ya kwanza, kila dakika mbili unaingia kuangalia salio. Amelipa? Bado. Amelipa? Bado. Ya pili, unakaa na chai yako ya maziwa, halafu M-Pesa wenyewe wanakugutusha kwamba pesa imeingia. Hiyo ya pili ndiyo webuhuki. Jambo likitokea kwa mfumo mmoja, unapiga hodi kwa anwani ya mfumo mwingine na kuuachia kifurushi: nani, kiasi gani, saa ngapi, akaunti gani. Jina hilo lilitungwa na mtengeneza programu Mmarekani, Jeff Lindsay, mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilizinduliwa Kenya. Hakuna uhusiano wowote, mimi tu naona inapendeza.

Baadaye zikaja programu za kupokea hiyo hodi na kufanya kazi zinazofuata. Zapier ilianza 2011 kule Marekani, n8n ikaanza Ujerumani 2019. Unachora tu: hodi ikipigwa, safisha namba ya simu, tafuta mteja kwenye jedwali, andika safu mpya, tuma meseji ya asante. Huhitaji kujua kuandika programu. Na Safaricom walipofungua Daraja mwaka 2017, hata kijana wa Bula anaweza kuunganisha duka la mamake na jedwali lake kwa jioni moja.

Sasa, kuna kitu kimoja kwenye hiyo Daraja ambacho watu wa kozi hawakufundishi. Malipo ya Paybill yana hodi mbili. Ya kwanza inakuja kabla pesa haijaingia, inakuuliza: hii niikubali au niikatae? Akaunti aliyoandika huyu mtu ipo kweli? Ya pili inakuja kukuarifu tu kwamba imeshaingia. Ile ya kwanza si lazima, lazima uombe uwashiwe, na wengi hawajisumbui. Halafu hata mambo yakiharibika baada ya hapo, mtu wa kawaida aliyetuma pesa kwa namba isiyo yake anajua la kufanya: anasambaza ile meseji kwa 456 na kesi yake inaanza kushughulikiwa. Hata bibi yangu anaijua 456.

Shika hayo mawili, swali la kabla na mlango wa kurudi nyuma, kwa sababu ndiyo stori yote.

Garissa ni mji wa fomu. Sijui kama kuna mji mwingine Kenya ambao watu wake wameandikwa mara nyingi kama sisi. Ukame ukija, fomu. Mafuriko ya Tana, fomu. Mradi mpya wa maji, fomu. Miaka ya nyuma ilikuwa mtu mwenye ubao na kalamu anakuja kwa boma, anauliza wangapi mnalala hapa, mbuzi wangapi, ngamia wangapi. Zile karatasi zinarudi mjini, zinapangwa kwenye kabati, na kijana mmoja aliyemaliza fomu four anakaa mbele ya kompyuta wiki tatu akizinakili. Siku hizi ni simu na KoboToolbox, na hiyo inaweza kusukuma kila fomu moja kwa moja kwenye mfumo mwingine dakika ileile inapotumwa. Yule kijana wa kunakili amekosa kazi. Lakini tukumbuke pia kwamba yule kijana ndiye alikuwa anasimama na kusema, "Ngoja, huyu Abdi Hassan wa Fafi na yule Abdi Hassan wa Dadaab ni mtu mmoja ama ni wawili?"

Jedwali la zamani la serikali lililomwandika mtu nchi hii halikuwa la kumpa kitu. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanaume Mwafrika aliwekwa alama za vidole, akapewa karatasi ndani ya kikebe cha chuma cha kuning'iniza shingoni. Kila tajiri aliyemwajiri aliandika humo. Ukitoroka kazi, karatasi inakusemea. Huku kaskazini nako mkoloni alikuwa na njia yake nyingine. Sheria ya 1902 ya wilaya za pembezoni, na ile ya 1934 ya wilaya maalum, zilifanya eneo lote la mpaka wa kaskazini kuwa mahali pa kuingia na kutoka kwa kibali. Kumbe ule ukaguzi wa basi pale daraja la Tana, unaposhuka na kitambulisho mkononi huku mwenzako wa Nyeri amelala kwa kiti chake, una babu.

Uhuru ukaja Desemba 1963 na kabla mwezi haujaisha, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vya Shifta viliisha 1967. Sheria za hatari zilikaa mpaka 1991. Hesabu mwenyewe.

Kati ya hapo, Novemba 1989, serikali ya Moi ikatangaza kwamba kila Mkenya Msomali wa kutimiza umri wa kitambulisho ajitokeze apigwe msasa. Ulikuwa na kitambulisho tayari? Haijalishi. Unakaa mbele ya jopo, unaulizwa ukoo wako, babu yako alizikwa wapi, chifu wako nani. Ukipita unapewa kadi ya rangi ya waridi ya kubeba pamoja na kitambulisho chako. Hebu fikiria hiyo. Jamii moja, nchi nzima, ina safu ya ziada kwenye jedwali ambayo wengine hawana. Ukiuliza wazee hapa mjini kuhusu hiyo kadi, wengi bado wanajua iko kwenye sanduku gani.

Naleta hii historia yote kwa sababu kilichofuata hakiwezi kueleweka bila yake.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu. Watu wakavuka mpaka, na kati ya 1991 na 1992 kambi tatu zikafunguliwa karibu na mji mdogo wa Dadaab: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Zilipangiwa watu 90,000. Mwaka 2011, njaa ilipotangazwa Somalia, zilikuwa na zaidi ya 400,000, na hakukuwa na kambi kubwa kuzishinda duniani.

Lakini njaa haijui mpaka. Upande huu, mfugaji Mkenya wa Lagdera au Fafi alikuwa na ukame uleule, mizoga ileile ya ng'ombe, na lugha ileile. Ndani ya kambi kulikuwa na mgao wa chakula, kisima, hospitali ya bure na shule. Nje ya kambi kulikuwa na vumbi na ahadi. Kwa hivyo mama anafanya kile mama yeyote angefanya: anawachukua watoto, anapanga foleni, anajiandikisha. Hakuna aliyemuuliza uraia wake kwa njia ambayo ingemfaa, kwa sababu aliye na njaa hatatoa jibu litakalomnyima unga. Mtoto akapewa kadi ya mgao. Alama za vidole zikachukuliwa.

Hili halikutokea 2011 peke yake. Lilitokea kila ukame, tangu miaka ya tisini. Familia nyingi zilikaa msimu mmoja, mvua ikanyesha, zikarudi kwao. Kadi ikapotea ama ikachanika. Jina lilibaki.

Mwanzoni usajili wa wakimbizi ulikuwa mikononi mwa UNHCR. Sheria ya wakimbizi ya 2006 ikaunda idara ya serikali, na polepole serikali ikachukua hiyo kazi. Yale majedwali mawili, la wakimbizi na la wanaoomba vitambulisho, yakaanza kuangaliana. Sisemi kulikuwa na webuhuki, wala sisemi ilikuwa kwa kasi. Nasema wazo ni lilelile: rekodi iliyoandikwa mahali pamoja kwa sababu moja, inatokea mahali pengine na kufanya uamuzi kuhusu sababu nyingine kabisa.

Mtoto wa miaka 6 wa mwaka 2011 alitimiza miaka 18 mwaka 2023. Anaenda ofisi ya usajili na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha babake, barua ya chifu. Anaweka vidole. Jibu linarudi: huyu ni mkimbizi.

Sasa sikiliza, hapa ndipo mimi kama mtu wa kuunganisha majedwali nakosa usingizi. Mashine haikukosea. Vidole ni vyake kweli. Aliandikishwa kambini kweli. Ukipima huo mfumo kwa kipimo cha wataalamu, umepasi. Kosa liko kwenye hatua ile ndogo ambayo ukiwa ndani ya Zapier ama n8n inakuchukua sekunde tano: ile ya kusema safu hii ya huku inaingia kwenye safu ile ya kule. Upande wa kambi, ile safu ilimaanisha "mtu huyu alipewa mgao hapa." Upande wa ofisi ya vitambulisho, ikasomeka "mtu huyu si Mkenya." Hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Hakuna programu duniani inayoweza kukuambia kwamba umebadilisha maana, kwa sababu programu inaona tu kwamba jibu ni ndiyo ama hapana, na ndiyo imeingia mahali pa ndiyo.

Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba walioathirika ni kama watu 40,000. Wengi ni wa rika letu. Bila kitambulisho husajili laini ya simu kwa jina lako. Bila laini huna M-Pesa. Huombi mkopo wa HELB, hupati kazi ya ofisi, hupigi kura, na ule ukaguzi wa daraja la Tana unakuwa mwisho wa dunia yako. Nawajua watu, sitawataja, ambao wameoa na kuzaa na hawajawahi kwenda Nairobi. Na ukatili wake ni kwamba pia hawawezi kuishi kama wakimbizi, kwa sababu si wakimbizi. Hawana kambi, hawana nchi, wana rekodi.

Na mlango wa kurudi nyuma? Hapa ndipo nataka mfananishe na 456. Ukituma shilingi 500 kwa mtu usiyemjua, kuna namba, kuna utaratibu, kuna mtu kazi yake ni kukusikiliza. Alama ya kidole ya mtoto aliyeandikwa na mamake kwa sababu ya unga haikuwa na namba ya kupiga. Unaenda ofisi ya usajili wanakwambia hiyo ni ya watu wa wakimbizi. Unaenda kwa watu wa wakimbizi wanakwambia ngoja msasa. Msasa wa kuwatoa Wakenya kwenye orodha ulifanywa kwa vipindi, mwaka 2016 mezani pa uhakiki wa kambi na tena mwaka 2019. Waliopita wakashukuru Mungu. Wengine wakasubiri kingine. Haki na Sheria, shirika la hapahapa Garissa, wamefuata hili jambo kwa miaka, na 2021 likapelekwa Mahakama Kuu ya Garissa. Februari 2025 Rais Ruto alikuja huku akatia saini tamko la kuondoa ule msasa wa ziada wa vitambulisho kwa kaunti za mpakani. Nililipokea vizuri, sitaki unafiki. Lakini kuondoa jopo la wazee si sawa na kufuta safu kwenye hifadhidata. Jopo unaliona kwa macho, limekaa chini ya mti. Safu haikai mahali.

Naomba nichepuke kidogo hapa. Mwaka 2010 waziri wa mipango wakati huo, Wycliffe Oparanya, alifuta matokeo ya sensa ya 2009 ya wilaya nane, zikiwemo Lagdera, Wajir Mashariki na tatu za Mandera, kwa sababu idadi ilipanda kupita walivyotarajia. Labda kulikuwa na ujanja, siasa ni siasa. Ninachosema ni kwamba data ya huku ina tabia moja: ikionyesha tuko wengi inashukiwa, ikionyesha sisi si Wakenya inaaminiwa papo hapo.

Sasa, nisije nikaonekana nachukia mashine. Kaskazini Mashariki pia ndiyo imeona baadhi ya majaribio mazuri kabisa ya data inayojisukuma yenyewe, na hii ni stori ambayo inafaa kuwa kwenye zile kozi badala ya ile ya kutuma barua pepe za "karibu kwa duka letu".

Setilaiti zinapita juu yetu kila siku zikipima kijani cha ardhi. NDMA, ile mamlaka ya kudhibiti ukame, inatumia kipimo kinacholinganisha kijani cha sasa na cha miaka iliyopita mahali palepale. Kikiwa chini ya 35 kuna ukame wa kiasi, chini ya 20 ni mkali, chini ya 10 ni balaa. Mpango wa pesa za kukabili njaa, HSNP, ulioanza Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, uliandikisha karibu kila boma kwenye hizo kaunti nne na kufungulia watu akaunti za Equity mapema, hata wale ambao hawakuwa kwenye orodha ya kulipwa kila wakati. Akili yake ni hii: kipimo kikishuka kupita mstari kwenye eneo lako, malipo ya dharura yanatoka. Haisubiri mbunge apige kelele wala kamera za televisheni zije kupiga picha mifupa. Kuanzia 2015 malipo ya namna hiyo yalianza kutoka. Hiyo, wasee, ni webuhuki. Jambo limetokea angani, hodi imepigwa, safu imesomwa, pesa imefika kwa mama Wajir.

Bima ya mifugo nayo vivyo hivyo. ILRI walianza Marsabit 2010, halafu ikaja Wajir kwa njia ya takaful, kwa sababu watu wa huku hawangegusa bima yenye riba, na wana haki. Machi 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa. Serikali ikaanzisha mpango wake 2015, ukaanza Turkana na Wajir, baadaye ukafika Garissa. Hakuna mtu anayekuja kuhesabu ng'ombe waliokufa. Setilaiti ikisema malisho yameisha, unalipwa.

Na hapa tena tunarudi kwenye ile hatua ya kupanga safu. Setilaiti inaona kijani. Haioni chakula. Njoo Garissa uone mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa miaka mingi iliyopita kuzuia jangwa. Umejaa kando ya mto, umeziba njia, na kiangazi chote uko kijani kibichi kama salata. Mbuzi akila maganda yake kwa wingi meno yanaharibika. Mwaka 2006 jamii moja ya Baringo ilifika hadi kupeleka mbuzi kibogoyo kortini kuonyesha ulivyowaharibia. Kutoka angani, huo mti ni malisho. Kutoka chini, huo mti ni adui. Wataalamu wa bima wanalijua hili na wanajitahidi kutenga sehemu zisizo za malisho kwenye hesabu zao. Lakini angalia tofauti: mfugaji asipolipwa, analalamika kwa wakala, anaacha kununua bima msimu ujao, na kampuni inahisi kwenye mfuko. Kosa lao lina mtu anayeuma. Yule kijana wa ofisi ya vitambulisho hana cha kuacha kununua.

Na msifikirie hii ni shida ya Afrika. Australia walifanya kitu kinaitwa Robodebt. Mwaka 2016 serikali yao iliacha mashine ilinganishe rekodi za kodi na rekodi za watu wanaopokea ruzuku. Mashine ilichukua mapato ya mwaka mzima na kuyagawa sawasawa kwa kila wiki mbili. Kama ulifanya kazi miezi sita halafu ukakosa kazi miezi sita, mashine iliona mtu aliyefanya kazi mwaka wote huku akila ruzuku, na ikakutumia deni. Mamia ya maelfu ya watu walidaiwa pesa ambazo hawakuwa wanadaiwa. Mahakama ikasema 2019 kwamba si halali, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti kali 2023. Zile data zilikuwa za kweli. Ni maana iliyobadilishwa njiani. Tofauti ni kwamba wao walipata tume.

Sisi tuna sheria, angalau. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema una haki ya kusahihishiwa data ya uongo ama inayopotosha. Kifungu cha 35 kinasema una haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake bila binadamu. Hizo haki hazikuletwa na hisani. Zilikuja wakati watu wakipigana kortini kuhusu Huduma Namba, na walioongoza kelele walikuwa Wanubi wa Kibra, watu wengine wanaojua kupigwa msasa ni nini. Sheria ilitiwa saini Novemba 2019, baada ya mamilioni kuwa wameshaandikishwa mwezi wa nne na wa tano. Yaani data kwanza, sheria baadaye. Kenya bwana.

Basi wewe unayeunganisha fomu ya madrasa, ya kikundi cha akina mama, ya mradi wa maji, usiniambie "mimi ni jedwali ndogo tu." Ile kadi ya mgao pia ilikuwa jedwali dogo la unga. Mimi nikiunganisha kitu siku hizi, kila safu inayoingia yenyewe inakuja na vitu vitatu ubavuni: imetoka fomu gani, siku gani, na mtu aliulizwa swali gani neno kwa neno. Hiyo ya tatu watu wananicheka, inajaza nafasi. Lakini ndiyo pekee inayomzuia mtu wa kesho kusoma "alipewa mgao" kama "si wetu". Rekodi mbili zikigongana, mtiririko wangu haufanyi uamuzi. Unazitupa kwenye jedwali la kusubiri na kumtumia binadamu meseji. Inachelewesha, ndiyo. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini analipia mashine ambayo bado inamsumbua kwa simu. Nikamwambia, kwa sababu wewe ndiye unamjua Abdi Hassan, yeye hamjui. Na chini ya kila fomu kuna namba ya simu ya mtu halisi wa kumpigia ukitaka jina lako liondolewe. Mara tatu sasa watu wameitumia.

Wale walioandikwa Ifo na Hagadera wakiwa na miaka minne mwaka ule wa njaa walifika 18 mwaka 2025. Wako nanyi darasani, wako kwenye hizi komenti. Kama ni wewe, ama ni ndugu yako, usikubali kuambiwa kwa mdomo tu kwamba mashine imekukataa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi unapofanyiwa uamuzi unaokuumiza. Beba cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, nenda na mtu mzima, omba hiyo karatasi kwa adabu, na wakikataa omba tena kesho yake. Kisha pitia kwa Haki na Sheria hapa mjini. Ukiipata hiyo karatasi, ipige picha na ujitumie kwa barua pepe yako kabla hujatoka mlangoni.